Mshenga wa Spika

Mluzi ule Bahiya aliusikia kwanza akiwa jikoni, anachuja tui. Ulikuwa mwembamba, umesimama mahali pamoja, haupandi wala haushuki. Akazima jiko akidhani ni gesi, lakini ukaendelea. Akaenda kwenye friji, akaweka sikio, nako hakukuwa na kitu. Mwisho akaufuata ukumbini, na alipofika mlango wa sebule ukamchoma masikio yote mawili.

Mumewe, Zahor, alikuwa kwenye kiti chake, spika mbili ndefu za mbao mbele yake, macho kayafumba. Hakukuwa na muziki. Amplifaya ilikuwa imewashwa tu, taa yake ya njano inawaka. Mluzi ulitoka humo, tumboni mwa amplifaya yenyewe.

"Baba Nawaf, nini hicho kinacholia?"

Zahor hakujibu. Bahiya alirudia, akasogea hadi mbele yake, ndipo mzee alipofumbua macho.

"Kitu gani?"

"Huo mluzi."

"Mluzi gani tena? Transfoma hiyo. Transfoma zote hunguruma. We ulitaka ikuimbie?"

Bahiya aliitazama transfoma iliyokaa sakafuni. Mngurumo wake aliujua siku nyingi. Ulikuwa wa chini, wa kuusikia kwa nyayo kuliko kwa masikio, na amplifaya za Kijapani haziwezi kukaa bila hiyo kwa sababu umeme wetu ni mkali kwazo. Huu ulikuwa mwingine. Akamtazama tena mumewe, akaona uso uliotulia kabisa, uso wa mtu aliyekaa kwenye chumba kimya. Akarudi jikoni, na tui siku hiyo lilimkatikia.

Tandika nzima humwita Zahor Mshenga. Baba yake aliuza vitambaa, na ndugu zake wakafuata vitambaa, ila yeye tangu ujana alipenda redio. Alikuwa na duka la vipuri karibu na soko hadi sukari ilipomchosha miguu. Duka akamwachia mpwa wake, akarudi nyumbani na spika zake. Tangu hapo sebule haikuwa tena ya wageni. Spika zilisimama ukutani, nyingine ndefu kama mtoto wa shule, nyingine za kuweka juu ya kabati, zote za mbao halisi, za zamani, zilizotoka kwenye nyumba za Wahindi wa mjini waliohama au kwenye makontena ya mitumba.

Wengi wakipata spika za namna hiyo huangalia wati zilizoandikwa mgongoni, wakatafuta amplifaya yenye wati hizo hizo, wakaunga, halafu wakashangaa mbona sauti imekauka. Zahor hakusoma mgongo. Alisema ziko spika zinazovuta sana, amplifaya dhaifu ikikutana nazo itatoka jasho hadi ife. Na ziko spika laini, ukizipa amplifaya kali zinapiga kelele kama mtu aliyekanyagwa. Yeye alikaa nazo, akazijaribu na amplifaya hii na ile, wiki nzima ikibidi, mpaka zikaelewana.

"Mshenga!" muuza kahawa alikuwa akimwita akipita barazani. "Leo umemwozesha nani?"

"Bibi mmoja wa Kiingereza, mnene, nimempatia kijana wa Kijapani."

"Weee! Mahari je?"

"Fyuzi."

"Na wakigombana?"

"Wakigombana utaona moshi," Zahor humjibu, na baraza zima hucheka. Bahiya, akiwa nyuma ya pazia, alikuwa hacheki.

Kipimo chake kilikuwa kaseti moja tu. Ilirekodiwa Pangani kwenye harusi ya dada yake, maikrofoni imefungwa kwenye nguzo, na chini ya nguzo hiyo alikaa mama yao. Katikati ya taarabu, fidla inapopanda, yule mama alianza kupiga makofi, na bangili zake zikaingia kwenye ukanda. Huwezi kuzisikia kwenye redio ya kawaida. Ni mlio mdogo, wa juu kabisa, unaocheza nyuma ya fidla kama chenji kwenye mfuko wa kanzu. Mama huyo amekwisha kufa. Picha zake ni mbili, na sauti ya kinywa chake hakuna aliyeihifadhi. Zimebaki bangili. Kwa hiyo Zahor alipounga spika na amplifaya, aliweka kaseti ile, akasubiri. Bangili zikilia, alisema ndoa imefungwa. Zisipolia, alifungua waya akaanza upya.

Tangu baada ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, bangili zikaanza kupotea.

Kwanza alilaumu kaseti, akaisafisha deki kwa spiriti na pamba. Halafu akalaumu waya. Halafu akasema amplifaya zote zimezeeka, sauti ya juu zimeikaba, akawa anabadilisha hii, anarudisha ile, nyumba ikajaa masanduku yaliyofunguliwa mifuniko. Bahiya alikuwa akipita na ufagio na kusikia bangili waziwazi, zinalia kama kawaida, huku mumewe ameketi hapo hapo anatikisa kichwa, "Hazipo. Hazipo kabisa."

Alianza kumchunguza. Birika la mluzi lilipiga hadi maji yakakauka, naye amekaa karibu nalo anasoma gazeti. Nawaf, mtoto wao, alipiga simu kutoka Maskati, baba akamjibu mambo ambayo hakuulizwa, kisha akampa Bahiya simu akisema, "Mtandao mbaya, zungumza naye wewe." Siku nyingine alikuwa akivuka kwenda msikitini, bodaboda ikapiga honi nyuma yake, ikapiga tena, ikabidi ikwepe hadi mtaroni. Dereva akatukana matusi ya nguoni. Zahor aliendelea na safari yake, tasbihi mkononi, na Bahiya aliyekuwa kibarazani akashika nguzo.

Alimwambia kwa upole, "Twende hospitali wakakutazame masikio."

"Masikio?" Zahor alimkazia macho. "Bahiya, mie nakula kwa masikio haya. Usinitie mkosi."

Hakurudia tena. Alijua mumewe akiambiwa ni kiziwi, basi mtu aliye ndani yake angekufa kabla ya mwili. Akaona afadhali awe masikio yake kimyakimya. Alikaa karibu na mlango wa sebule simu isije ikalia bure, akamfuata kwa mbali akienda msikitini, na birika akalificha, akaanza kuchemsha maji kwenye sufuria.

Ndipo ikaja kazi ya Hyder.

Hyder ni mfanyabiashara wa Kihindi aliyejenga Kinyerezi. Baba yake alipofariki aliacha spika mbili za Kiingereza ambazo mzee huyo alizinunua akiwa kijana, akazitunza kama macho. Mjane wa mzee huyo, Maryambai, mama yake Hyder, alikuwa hatoki tena kitandani, na alichotaka ni kusikia kanda zake za Kihindi kupitia spika zile zile. Amplifaya ya mzee ilikwisha kufa zamani. Hyder akaleta spika kwa Mshenga azitafutie mwenza.

Zahor alimpata. Amplifaya nzito ya Kijapani, yenye nguvu za kutosha kuzisukuma zile za Kiingereza bila kutoka jasho. Ila bangili hazikulia. Basi akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya katika maisha yake ya ufundi. Alifungua mfuniko, akatazama ndani kwa miwani miwili, akakata kapasita moja, kidude kidogo kama punje ya dengu.

"Hii ndiyo inayoziba sauti ya juu," alisema. "Nimeifungulia njia."

Mluzi ulianza siku hiyo.

Paka wao, aliyezoea kulala juu ya amplifaya kwa ajili ya joto, hakukanyaga tena sebuleni. Twita za spika, vile vispika vidogo vya juu vinavyotoa sauti nyembamba, ziliungua zote mbili. Zahor akawalaani wauzaji wa vipuri feki, akazipeleka kwa Revelian, fundi wa Mabibo anayesuka koili za spika, ambaye alijifunza kazi dukani kwake.

Revelian alizirudisha mwenyewe. Alipiga hodi, akaingia, akamwamkia mzee, na papo hapo akageuza kichwa kuelekea amplifaya. Bahiya alimwona. Akaona jinsi alivyofungua mdomo kisha akaufunga. Fundi alizifunga twita haraka, akakataa chai, akaaga. Bahiya akamsindikiza hadi getini.

"Umeusikia," alimwambia.

"Mama, nani asiyeusikia?" Revelian aliangalia nyuma kwanza. "Amekitoa kile kidude. Kile ndicho kinaizuia amplifaya isijipigie kelele yenyewe. Sasa inapiga saa zote, hata bila muziki. Ile kelele ndiyo inayochoma twita. Hizi nilizoleta hazifiki kesho."

"Na yenyewe?"

"Yenyewe inachemka. Leo inachemka, kesho inachemka. Mahali penye hewa itavumilia. Ukiifungia mahali..." Hakumaliza. "Mzee hasikii, siyo?"

Bahiya akatazama dirisha la sebule.

"Mie siwezi kumwambia, mama. Yule ndiye aliyenishika mkono. Nilikuwaga sijui hata kushika pasi ya kuyeyushia risasi. Nimwambieje kwamba hasikii?"

"Nenda, mwanangu," Bahiya alisema. "Nitamwambia mimi."

Alikusudia kweli. Kesho yake asubuhi alivaa kanga safi, akaingia sebuleni na maneno yake yamepangwa. Zahor akamtangulia.

"Njoo, njoo ukae. Leo utasikia kitu."

Aliweka kaseti. Fidla ikatoka nzito, imezibwa, kama inayopigwa chini ya godoro, na Bahiya akajua kwamba twita mpya nazo zimekwisha kuungua. Hakukuwa na sauti yoyote ya juu katika chumba kile isipokuwa mluzi. Zahor alifumba macho. Muda ulipofika, akainua kidole.

"Hapo! Na hapo... Unamsikia Mama?"

Kidole kilikuwa kinacheza pale pale panapostahili, bangili kwa bangili, bila kukosea. Alikuwa anatabasamu. Bahiya hakuwa ameliona tabasamu lile tangu Mfungo Sita. Akaelewa kwamba mumewe hasikilizi tena spika. Anasikiliza kichwa chake, na huko ndani kila kitu kimekaa sawa.

"Unamsikia?"

"Namsikia," alisema.

Zahor akapangusa macho kwa kikofia, akachukua simu, akampigia Hyder. Ndoa imefungwa, alimwambia. Njoo Ijumaa baada ya swala uchukue.

Siku zilizofuata Bahiya alikaa kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Harufu ya vumbi linaloungua ilikuwa imeingia kwenye mapazia. Aliomba chini chini umeme ukatike, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, wiki nzima haukukatika. Alifikiri kumpigia Hyder kwa siri. Lakini angemwambia nini? Kwamba Mshenga ni kiziwi? Kesho yake mtaa mzima ungelijua, na yule anayepiga kelele barazani "leo umemwozesha nani" angekuwa wa kwanza kugeuza utani. Akaahirisha.

Ijumaa Hyder alifika na gari la mizigo, na binti yake mdogo, Shaista, aliyevaa hijabu ya shule.

"Shikamoo, Mzee Zahor. Shikamoo, mama."

"Marahaba, marahaba. Karibuni. Kaa hapo katikati, Hyder, usikae pembeni. Spika za baba yako si za kusikilizwa kwa ubavu."

Waliweka kanda ya Maryambai. Hyder alisikiliza, akainamisha kichwa, na ilikuwa dhahiri kwamba hakuja kupima sauti. Alikuja kumsikia baba yake. Shaista aliziba masikio.

"Baba, inauma."

"Nyamaza, babu anafanya kazi."

Mtoto akatoka kwenda uani alikokuwa Bahiya, akamshika kanga, akabaki hapo. Bahiya alihisi vidole vile vidogo vikimvuta. Kutoka ndani alimsikia Hyder akisema kwa furaha:

"Seremala amemaliza kabati, mzee. Nimeliweka chumbani kwa mama, kichwani mwa kitanda. Lina milango, vumbi haliingii hata kidogo. Mama hawezi kuamka kuzima, kwa hiyo itakuwa inawaka tu, mchana na usiku."

"Vizuri sana," Zahor alijibu. Bahiya alijua kutokana na jibu lenyewe kwamba neno kabati halikumfikia.

Aliingia. Hakukumbuka baadaye aliachana vipi na mkono wa mtoto. Alipita mbele ya mgeni, akainama nyuma ya amplifaya, akashika waya na kuichomoa plagi kutoka kwenye transfoma. Kanda ikafa katikati ya wimbo.

"Bahiya!" Zahor alisimama. "Mbele ya mgeni?"

"Haiendi."

"Umeingiwa na nini?"

"Haiendi popote, Baba Nawaf. Shika." Akauchukua mkono wake akaulaza juu ya mfuniko. Zahor aliuvuta haraka, kama mtu aliyegusa kikaango. "Inapiga mluzi. Tangu ulipokata kile kidude. Revelian kausikia. Mimi nausikia tangu siku ya kwanza. Mtoto huyu kausikia sasa hivi. Mwulize."

Zahor akageuka. Shaista alikuwa amesimama mlangoni.

"Unasikia nini, mjukuu wangu?"

Mtoto alimtazama baba yake kwanza. "Kama mbu," alisema. "Lakini mbu wa chuma."

Zahor ikabidi amwinamie, na mtoto akarudia kwa sauti kubwa, akiona haya. Mzee akacheka peke yake. Akamtazama Hyder amsaidie kucheka.

"Ni kweli, mzee," Hyder alisema polepole, macho chini. "Kuna kimluzi. Mie nikadhani za zamani ndivyo zilivyo."

Kicheko kikamkatikia. Kwa muda mrefu Zahor aliangalia kiganja chake kilichokuwa chekundu. Halafu akamgeukia mkewe, na aliposema, alisema kama anayeuliza njia katika mji asioujua.

"Lakini majuzi uliniambia bangili unazisikia."

"Nilikwambia hivyo."

"Ulizisikia?"

"Hapana. Twita zilikuwa zimeungua zote mbili. Hakuna ambaye angezisikia."

Hyder alijua pa kuishia. Alimchukua binti yake, akasema hakuna haraka, spika zibaki, amplifaya aitazame Revelian, na mama yake atasubiri. Alimshika Zahor bega. Gari likawashwa, likaondoka tupu. Majirani waliokuwa barazani wakanyoosha shingo kutazama.

Bahiya alingoja aanze kufoka. Alikuwa tayari kwa hilo, amejiegemeza ukutani. Zahor hakufoka. Alikwenda uani akiburuza kiti, akakiweka karibu na mlango wa jiko kikielekea ukuta, akakaa, mikono juu ya magoti.

"Simama nyuma yangu uniite," alisema. "Usipige kelele. Ita unavyoniitaga."

"Baba Nawaf," Bahiya aliita.

"Nimesikia. Ongeza."

Alirudi nyuma hadi kwenye kamba ya nguo. Akaita. Zahor akainamisha kichwa upande mmoja, akainua mkono. "Nimesikia. Ongeza."

Akasogea hadi kwenye tangi la maji. Alikuwa bado anavuta pumzi, mdomo haujafunguka, mkono wa Zahor ulipoinuka.

"Nimesikia," alisema. "Ongeza."

Bahiya alisimama akiutazama ule mkono. Alitembea kwa kurudi nyuma mpaka mgongo ukagusa geti la bati, na hapo akalisahau sharti la kutopiga kelele. Alimwita kwa jina lake la kuzaliwa, jina ambalo hakuwahi kulitamka tangu waoane, akaliita kwa sauti yote aliyonayo kifuani. Muziki wa singeli wa nyumba ya pili ukanyamazishwa. Mwanamke akauliza juu ya ukuta, "Mama Nawaf, kuna nini huko?"

Zahor alikuwa palepale, uso ukutani, shingo kaikunja, anangoja kwa subira.

"Haya," alisema. "Sasa ita."